Kigoda cha Babu Ndani ya Kioo

Juzi nilikiona kigoda cha babu kwenye jumba la makumbusho, ndani ya kioo, na lile doa la moto ukingoni.

Nikiwa mtoto, alasiri moja nyumbani kwetu Kibera, nyumba ikinuka makaa, mnunuzi wa vitu vya kale alikigeuza juu chini huku mama amenyamaza. Nilidhani anamwogopa, sasa najua unga ulikuwa umeisha.

Niliamini ukikalia kiti cha marehemu unakufa. Ili kisichukuliwe, nikakikalia, nikafumba macho, nikangoja kifo.

“Nekesa, toka hapo! Hiyo ni kiti ya babu yako!” mama alifoka.

Sikufa. Mnunuzi aliniinua kama kuku, akaondoka nacho.

Chini ya kioo wameandika: “Mchongaji hajulikani.”

“Anajulikana,” nilimwambia mlinzi. “Andika Wafula, babu yangu.”