Kiganja Kimoja Juu, Kimoja Chini

Nilianza kuteleza majini kwa mbao, nikivutwa na boti, nikiwa na miaka thelathini na minne, mama wa watoto wawili, mfua mashuka wa hoteli ndogo iliyo njia ya kwenda Pangani. Nataja umri na kazi makusudi, maana ndivyo vilivyowakera watu. Mgeni wa miaka sitini akivutwa na boti, ufuo mzima humpigia makofi. Nilipovutwa mimi, wakauliza nani kaniruhusu.

Aliyeniruhusu ni mjomba, kaka wa mama yangu, mzaliwa wa Pemba, dereva wa boti ya hoteli. Meneja alimkubalia kunifundisha asubuhi ambazo hakuna mgeni, kabla upepo haujaamka. Nilivaa suruali ndefu na fulana ya mikono mirefu, mtandio nimeufunga ukabana, jaketi la kuokolea juu yake. Kwa mbao mbili nilisimama siku ya tatu. Mwaka uliofuata nikahamia ubao mmoja, mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma, na hapo ndipo shida ilipoanza.

Mchezo wa ubao mmoja ni wa maboya sita. Boti inakwenda moja kwa moja katikati, na wewe huku nyuma unakata maji kwa kasi, uzunguke boya la kulia, kisha la kushoto, hivyo hivyo mpaka mwisho. Upande mmoja nilikuwa nakata vizuri. Nikigeukia wa pili, kamba inaninyakua bega, kifua kinapinda, nalala majini. Kila mara, upande ule ule.

Msimu wa wageni hoteli ikaajiri mkufunzi kutoka nje, kijana wa miwani myeusi. Alinitazama mara moja tu akamwambia mjomba, nami nasikia, "Huyu anashika mpini wa kamba kama usukani wa baiskeli." Kisha akanigeukia. "Dada, mikono hiyo imeshazoea. Mtu wa umri wako habadiliki tena. Rudi kwenye mbao mbili, ni salama."

Kulikuwa na siku iliyopangwa ya kushindana kwenye maboya, wageni na wafanyakazi pamoja. Nilikuwa nimejiandikisha. Jioni ile nikakuta jina langu limepigwa mstari.

Nililia kwenye chumba cha kufulia, mlango nimeufunga. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kuhusu mikono alikuwa sahihi. Mjomba alikuwa amenirekodi kwa simu, tukaitazama picha pamoja, nikajiona. Viganja vyote viwili vinatazama chini, viwiko vimetoka nje, na boti ikivuta, bega moja linakwenda peke yake.

"Nimekwambia tangu mwaka jana, mama," mjomba akasema. Huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. "Mguu wako wa nyuma ni wa kulia, basi kiganja cha kulia kitazame juu. Cha kushoto chini. Viwiko vije mbavuni, mpini ukae karibu na kiuno. Usiuminye, uning'inie kwenye vidole."

"Nitarekebisha," nikamjibu. "Lakini si kwa ajili ya yule."

"Kwa ajili ya nani sikuuliza."

Nyumbani kwetu Nguvumali nikakata kipande cha mti wa ufagio, nikakifunga kamba, kamba nikaifunga kwenye nondo za dirisha la ukumbini. Wali ukipikwa, mimi naegemea nyuma, kiganja kimoja juu, kimoja chini, nahesabu mpaka mia, napumzika, narudia. Jirani mmoja akachungulia, akaenda kusimulia mtaa mzima. Mama yangu aliporudi kutoka sokoni nilijua ameshaelezwa.

"Kweli unavuta nyumba?"

"Navuta, mama."

Akaweka kikapu chini, akanizunguka kama anayekagua nguo iliyoshonwa vibaya. "Na hicho kiwiko mbona kimetoka? Si mjomba wako kasema kije mbavuni?" Tangu siku hiyo hakuna jirani aliyeuliza tena mbele yake.

Majini mambo yaliharibika kabla hayajatengenea. Mshiko mpya ulinifanya nianguke hata upande niliokuwa nauweza. Ngozi ya viganja ilichubuka sehemu mpya, na kila nilipoingiza mikono kwenye dawa ya kung'arishia mashuka niliuma meno. Hofu ikinijia, mkono wa kulia ulijigeuza wenyewe kurudi ulikozoea, na mjomba aliyaona hayo kwenye kioo chake, akazima boti palepale. Hakunigombeza. Alizima tu, akasubiri niugeuze.

Siku ya mashindano nilimaliza kufua mapema, nikateremka gatini na ubao wangu kwapani.

"Jina lako halipo," mkufunzi akasema.

"Najua. Ulilifuta wewe. Meneja nimeshaongea naye, boti inaendeshwa na mjomba wangu, na mashuka yote yako kwenye kamba. Nani mwingine ananizuia?"

Mjomba alikuwa ameshawasha injini.

Boya la kwanza nililipita bila kufikiri. La pili lilikuwa upande wangu mbaya. Boti ikavuta, nikasubiri bega liondoke, halikuondoka. Mvuto ukashuka kiunoni, ukaenda miguuni, ubao ukauma maji nikasikia sauti yake. La tatu, la nne. La tano nilichelewa, nikalala ubavu, maji yakaniingia puani mpaka kichwani.

Niliporudi, mkufunzi alinipa mkono kupanda gatini. "Mikono imekaa," akasema.

"Kuhusu mikono ulisema kweli," nikamwambia, nikikohoa chumvi. "Uliposema sibadiliki, ulikosea. Yakumbuke yote mawili."

Akavua miwani, akaifuta kwenye fulana.

Msimu ulipokwisha aliondoka. Mimi nipo, nafua, na asubuhi tulivu naingia majini. Boya la tano nimeshalizunguka mara kadhaa, la sita bado. Mjomba anasema kosa sasa liko kwenye magoti, nayakaza mno. Sawa. Tutayashughulikia magoti.