Kijiji cha Yuk-ping

Fundi Szeto alikuwa na kibanda jirani na changu, ghorofa ya pili ya soko la kompyuta pale Sham Shui Po, Hong Kong. Mimi nauza nyaya. Yeye alitengeneza mashine za gemu za mkononi, na kwa miaka mingi riziki yake ilikuwa kuzivunja kufuli: anaweka programu yake, mashine inacheza gemu za kunakili, mteja hanunui kaseti halali za gemu. Maafisa wa forodha walipoanza kupanda ngazi zetu kusaka gemu za kunakili, akageuza kazi. Akawa anaiondoa programu ileile na kurudisha mashine kama ilivyotoka kiwandani. Kila mteja alisomewa somo: nakili vitu vyako kwanza, maana programu ikiondoka, gemu za kunakili zinakwenda nayo, pamoja na kila ulichohifadhi humo; je, umenakili? Wateja walimtania kwamba anahubiri kama mchungaji.

Mkewe, Yuk-ping, alipougua figo, alishinda nyuma ya kibanda miaka miwili na mashine ya binti yao, akitunza kijiji chake ndani ya gemu. Alipanda maua, akamwandikia binti barua humohumo, azisome akitoka kazini. Gemu yenyewe ilikuwa ya kunakili. Szeto alikuwa bahili hata kwa mgonjwa. Yuk-ping akafariki. Barua zikabaki mle.

Mwaka uliofuata binti, Hei-man, akapata karatasi za kuhamia Uingereza. Siku hizo za msukosuko wa kisiasa kila anayeondoka alikuwa anafuta hiki na kile kwenye simu, akiogopa polisi, kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Szeto akaingiwa na hofu ya kipumbavu: mwanawe atapekuliwa, mashine itakutwa na programu ya wizi, safari itavunjika. Nilimwambia hakuna askari mwenye nafasi ya kukagua gemu. Akanijibu nishughulike na nyaya zangu. Asubuhi moja akaiondoa programu, bila kunakili chochote. Mikono yake ilishazoea mashine za watu, ambao huja wameshanakili vyao.

Hei-man alikuja kuichukua. Akaiwasha palepale.

"Baba, kijiji cha mama kiko wapi?"

"Nimekusafishia. Pita nayo popote, hawatakuta kitu."

"Na barua zake?"

Nilimwona Szeto anaelewa, na sikuweza kuendelea kumtazama.

"Wateja unawauliza," binti akasema taratibu. "Mimi hukuniuliza."

Akaiacha juu ya meza, akaondoka. Yuko Uingereza mpaka leo. Hupiga simu Mwaka Mpya, wakaongea habari za baridi, basi.

Nilimkasirikia mzee yule, na bado namkasirikia. Wiki ileile alinunua kaseti halisi ya gemu ile, akaichomeka. Mashine ikamtaka aandike jina la kijiji. Akanigeukia.

"Dada Fong, yeye alikiitaje?"

Sikujua. Miaka miwili mkewe alicheza hatua mbili kutoka kwake, naye hakuwahi kumuuliza.