Klorini Machoni mwa Ami

Masika yale maji yaliingia mpaka vyumbani mwetu Kikwajuni, makaro ya vyoo yakafurika, na siku chache baadaye kipindupindu kikaanza. Wagonjwa walilazwa kwenye madarasa ya skuli. Mimi nilikuwa nasoma chuo Tunguu. Masomo yaliposimama nikajitolea. Kazi yangu ilikuwa kusimama getini na bomba la klorini mgongoni, nikipulizia miguu ya kila anayeingia na anayetoka.

Katika darasa la mwisho alilazwa mtu wa bara, Mkristo, aliyekuwa akichimba na kuzibua makaro mtaani kwetu kwa miaka. Mtoto wa tatu alipokufa mtaani, ikasemwa kwamba yeye ndiye aliyemwaga uchafu kisimani. Hakuna aliyemwona. Walichokijua ni kwamba hana ukoo hapa wa kumtetea.

Walikuja asubuhi, wanaume kama ishirini, na magongo na vipande vya matofali. Mlinzi wa geti wakamvunja mkono mbele yangu, niliusikia mfupa. Aliyewatangulia alikuwa ami yangu, mdogo wake baba, aliyenilea tangu baba alipofariki.

"Shikamoo, ami," nikasema, kwa mazoea tu.

"Marahaba. Pisha, mwanangu."

"Ami, mtu mwenyewe hawezi hata kunyanyua kichwa."

"Nshasema pisha!"

"Na karo letu alilichimba nani?"

Akanizaba kofi, nikaangukia ndoo. Wakapita. Nilipofika darasani walikuwa wameshamburuta mgonjwa sakafuni, dripu imechomoka, damu inamchuruzika mkononi. Mkewe, aliyekuwa akimuuguza, alikuwa amemlalia juu, nao wanamkanyaga mgongoni. Ami alikuwa amenyanyua tofali kwa mikono miwili.

Klorini iliyokuwemo bombani asubuhi ile ilikuwa kali, si ile ya miguu bali ya kupulizia maiti. Nilijua. Nikamlenga ami machoni, nikaminya, na sikuachia.

Ukelele ule sijapata kuusikia tena kwa mtu mzima. Wenzake wakarudi nyuma, kwa kuliogopa bomba, si kwa huruma, na wauguzi wakawahi kuwasukuma nje na kufunga mlango. Mimi nikabaki kummwagia ami maji usoni, ndoo baada ya ndoo, nikilia.

Jicho lake la kushoto halikupona. Mchimba makaro alipona. Akahama na mkewe bila kuniaga, na siwalaumu. Shangazi alinambia nimempofua baba yangu kwa ajili ya mtu baki. Hata mimi nilikuwa nikijiambia hivyo hivyo nikiwa peke yangu.

Kila Idi nnakwenda kumwamkia ami. Idi mbili za mwanzo aligeukia ukutani. Ya tatu aliitikia, nami nikapata ujasiri wa kumuuliza.

"Ami, ungelimpiga kweli kwa tofali lile?"

"Ningelimpiga," akasema.

Kisha akaniomba nimsogezee kikombe cha kahawa, kwani nilikuwa nimekiweka upande asiouona.