Swali kwa Aliyevaa Koti

Siku ya kuanua matanga ya mume wangu, nyumbani kwetu Isansa, sikuweza kukaa. Wanawake waliniambia nitulie mkekani kama mjane anavyotakiwa, lakini nilikuwa nikikaa nainuka, naenda jikoni, nafunua sufuria niliyokwisha kuifunua, narudi.

Hakikuwa kifo peke yake. Binti yetu alikuwa amebakiza mwaka mmoja chuoni Mbeya, anasomea ualimu, na timu moja ya mpira wa kikapu ya Dar es Salaam ilikuwa inamtaka. Wangempa mshahara na chumba, lakini ilibidi aache chuo. Walitaka jibu Jumatatu.

Baba yake alikuwa fundi matairi Tunduma. Ndiye aliyekunja nondo ikawa duara, akaifunga kwenye nguzo nyuma ya jiko ili mtoto arushe mpira. Hata hivyo, kila aliyemsifia huyo mtoto, baba alimjibu, "Asome kwanza." Sasa hayupo, na jibu limebaki kwangu mimi niliyeishia darasa la saba.

Uani ndugu walikuwa wameshaanza.

"Goti likivunjika, cheti hakivunjiki," alisema wifi yangu.

"Dada, waliomaliza ualimu si hao wanauza vocha Vwawa?" akajibu shemeji. "Kitabu kinangoja. Goti halingoji."

"Lako lilingoja nini?" wifi akamrudishia. "Shamba la kahawa lenyewe unaliangalia ukiwa barabarani."

Watu wakacheka. Binti alikuwa amekaa mlangoni, mpira ameubana kwa miguu. Asubuhi mashangazi walikuwa wamemkemea kwa kuudundisha msibani.

Ndipo akatoka mtani wa mume wangu. Kwetu siku hiyo mtani huvaa nguo za marehemu na kumwigiza, ili wafiwa wacheke. Alikuwa amevaa koti la kazi la mume wangu, lile lenye harufu ya mpira ulioungua, na anatembea bega moja juu kama yeye. Akazunguka pikipiki za wageni, anapiga matairi teke.

"Upepo gani huu? Umejazwa na mgonjwa?"

Akaja hadi kwangu. "Mama, chai yangu iko wapi? Nimekufa juzi tu, mmeshanisahau?"

Nilicheka, huku machozi yananitoka.

Binti akasimama. Akamwendea yule mtani, akamtazama kwa juu, maana amemzidi urefu.

"Baba," akasema, "niende, au nimalize chuo?"

Mtani ana ruhusa ya kusema lolote msibani, hata kutukana.

"Asome..." akaanza, kwa sauti ya mume wangu kabisa. Kisha akasita. Akavua koti taratibu, akaniletea.

"Shemeji, utani wangu unaishia hapa. Mimi nimevaa koti tu."

Nikabaki nalo mikononi, watu wote wananitazama mimi. Mume wangu angejibu nini nilijua, na wote walijua. Lakini niliikumbuka pia ile nondo. Mtu anayetaka vitabu tu hasimami juani siku nzima akikunja chuma.

"Nenda," nikasema. "Ila chuoni uage vizuri, wasije wakakufungia mlango ukitaka kurudi."

Wifi aliinuka, akaenda kukaa upande wa pili wa ua. Hakusema nami hadi kahawa ilipoiva shambani. Simlaumu. Huenda yeye ndiye aliyekuwa anamsemea kaka yake, na mimi nilikuwa najisemea mwenyewe. Mpaka leo sijajua.

Binti anacheza. Wakimaliza mechi hunipigia simu, nami huwa nimeshatoka nje mara kadhaa kuingoja, nafagia palipokwisha kufagiliwa. Siulizi kama wameshinda.

"Magoti?" namuuliza.

"Yapo, mama."

Hapo ndipo ninapokaa.