Mtoto Niliyemvalisha Viatu

Likizo ile ya Agosti nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, na kituo cha vijana pale Nyaramba kilikuwa kikitafuta watu wa kuangalia watoto kwa majuma manne, wakati wazazi wako kwenye mashamba ya chai au sokoni. Tuliandikwa mimi na wenzangu wawili. Tulipika uji, tukawaimbisha, tukawafuta makamasi, tukaamua ugomvi wa mpira. Jioni tulimkabidhi kila mtoto kwa mtu aliyemleta.

Kati ya watoto wangu kulikuwa na msichana wa miaka minne. Mama yake alikuwa Mluo, fundi wa cherehani pale sokoni. Siku ya kwanza alinivuta kando.

"Ticha, huyu nitamchukua mimi mwenyewe. Mtu mwingine akija, hata akisema yeye ni nani, usimpe."

Nikasema sawa. Sikumuuliza kwa nini. Niliona haya, na tena, nisifiche, moyoni nilisema hawa watu wa ziwani wanapenda kukuza mambo.

Jumatano ya juma la tatu mvua ya mchana ilianza mapema. Tulikuwa tumewaingiza watoto ukumbini nilipoona mwanamume mlangoni akikung'uta mwavuli. Alinisalimia kwa Kikisii, kwa adabu, akauliza kama mimi si binti wa yule mzee wa kanisa kule Itumbe. Nikasema ndimi. Akasema aliimba kwaya moja na kaka yangu. Kabla sijamuuliza shida yake, yule msichana alipaza sauti, "Baba!" akamkimbilia miguu mitupu.

"Mama yake amebanwa na kazi," alisema. "Ameniambia nimchukue kabla mvua haijazidi."

Sikuwa nimesahau maneno ya mama. Hilo ndilo linaloniuma. Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Lakini huyu alikuwa mtu wa kwetu, alimjua baba yangu, na mtoto alikuwa ameshamkumbatia shingoni. Nikamvalisha viatu, hata kamba nikamfungia.

Saa kumi na moja mama alifika.

"Mtoto wangu yuko wapi?"

"Babake alikuja. Alisema wewe ndiye uliyemtuma."

Hakupiga kelele. Aliketi kwenye kizingiti, juu ya matope ya miguu ya watoto, akasema, "Lakini nilikuambia."

Simu ya yule mwanamume ilikuwa imezimwa. Msimamizi wetu, mwalimu mstaafu, alitupeleka polisi tukaandikisha taarifa. Hapo ndipo niliposikia kwamba mama alikuwa amemkimbia mumewe kwa sababu ya kipigo, na kwamba mume alikuwa ameapa kumchukua mtoto.

Asubuhi jirani mmoja wa huko ukweni alimpigia mama simu: mtoto yuko Magwagwa, kwa nyanya yake mzaa baba. Tulienda mama, msimamizi, naibu wa chifu na mimi. Hakuna aliyeniita, nilijipeleka.

Nyanya alikuwa akimenya ndizi za kupika. Alikataa kusema Kiswahili. Alinitazama mimi, akasema kwa Kikisii, "Mwambie huyu, mjukuu wangu hatalelewa kwenye chumba cha kupanga kama yatima."

Nikatafsiri.

"Mwambie kwamba mwanawe alinivunja mkono," mama alijibu.

Kumwambia mwanamke wa umri ule maneno hayo kwa lugha yetu kulinipa shida. Niliyasema yote. Nyanya aliacha kumenya. Naibu wa chifu akamuuliza mwanawe yuko wapi.

"Amerudi kazini, Kisii mjini," alisema taratibu. "Ameniachia mtoto bila hata nguo ya kubadilisha."

Kisha akageukia nyumba, akamwita. Msichana alitoka amevaa sweta ya mtu mzima iliyomfika miguuni. Alinipita kama hanijui, akaenda kwa mama yake.

"Mwambie asinifiche mtoto," nyanya alisema. "Ni wangu pia."

"Mwambie atamwona," mama alisema. "Lakini si kwa kuibiwa."

Tukirudi nilimwomba mama msamaha. Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni.

"Yule mwanamume angekuwa Mluo," alisema, "ungempa?"

Jibu nilikuwa nalo, naye alilijua.

Hakumrudisha mtoto kituoni. Msimamizi hakunifukuza, ila alinihamishia jikoni, na siku zilizobaki nilikoroga uji huku nikisikia wenzangu wakiwaimbisha watoto wangu. Baadaye nilikutana na mama sokoni mara moja, akaitikia salamu yangu. Nilipopita tena Desemba, mwanamke mwingine alikuwa ameketi kwenye ile cherehani. Aliniambia mwenzake amehama na mtoto, na hakumwachia mtu namba.