Kila Kasoro, Pointi Mbili

Juzi nilipita nyuma ya karakana ya samani Manzese, walikuwa wanachoma maranda. Moshi wa maranda una harufu yake, kali na tamu kidogo. Machozi yakanitoka, mwenzangu akanipa leso, nami nikausingizia moshi. Jamani, haukuwa moshi. Nilimkumbuka Bibi Modesta.

Alikuwa mpangaji mwenzetu Mtoni, nilipokuwa darasa la tano. Nyumba ya vyumba sita, choo kimoja, na yeye uani na jiko lake la maranda, akikaanga mihogo ya kuuza tangu kabla ya adhana ya alfajiri. Alitoka Kigoma, hakuwa na mtoto wala ndugu mjini. Vipande vya mihogo vilivyokatikakatika vilikuwa vyangu, na pilipili juu.

Likizo moja binamu yangu Elia alirudi kutoka shule ya bweni na mchezo aliojifunza huko. Haukuwa na ubao wala karata. Ulikuwa wa kusimulia. Kila mchezaji anamuunda mtu wake kwenye karatasi, awe askari, mwizi au mchawi, kisha Elia anatutembeza mapangoni na kwenye majumba ya majini. Bahati yetu ilikuwa visoda ishirini vyenye namba, tukivitikisa ndani ya kopo la maziwa. Mimi nilichagua mchawi, kwa sababu hesabu yake ilinipendeza. Unaanza na pointi kumi za uwezo. Ukitaka zaidi, unampa kasoro. Kila kasoro, pointi mbili.

Nikamtafuta mtu hodari kuliko wote niliowajua, nikampata pale pale uani. Juu nikaandika: Mchawi, Bibi Modesta. Macho mekundu, mbili. Hana mtoto, mbili. Anaongea peke yake, mbili. Halali usiku, mbili. Nilipomsomea alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Mjukuu wangu, umelisahau hili goti bovu. Liandike nalo."

Zikatimia pointi ishirini! Nilizitumia zote kwenye uwezo mmoja, ule niliouonea wivu: kuwanyamazisha watoto. Sikitu, kichanga cha chumba cha mbele, alikuwa akilia mpaka nyumba nzima inachoka, lakini akiwekwa mgongoni kwa Bibi Modesta, kimya.

Likizo ikaisha, Elia akaondoka na kopo lake. Wiki iliyofuata Sikitu alishikwa na degedege, akakimbizwa hospitali. Kesho yake asubuhi mama yake alirudi kuchukua nguo, akaiokota karatasi yangu chini ya kamba ya kuanikia. Aliisoma mstari kwa mstari, sauti ikipanda. Alipofika kwenye kuwanyamazisha watoto akapiga yowe, na wapangaji wote wakatoka nje.

Mama yangu alinishika sikio. "We mtoto, haya umeyatoa wapi?"

"Kwa Bibi," nikasema.

Bibi Modesta aliipua karai, akainuka taratibu. "Mjukuu wangu, waambie ni ule mchezo wenu."

Wote wakanigeukia. Nilijua nikisema ndiyo, nitaulizwa kwa nini nami nacheza mambo ya uchawi, na mkanda wa baba ulikuwa unaning'inia msumarini. Nikatazama vidole vyangu vya miguu. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nilijua kabisa ninachofanya.

Kabla ya adhuhuri mwenye nyumba alikuwa keshamtolea vitu nje. Jiko na karai vikapanda juu ya guta, naye akalifuata kwa miguu, akichechemea. Siku ya nne Sikitu alirudi mzima, ilikuwa malaria, na hakuna aliyesema twende tukamtafute yule mama. Hata mimi sikusema.

Kwa miaka mingi nilijifariji kwamba watu wazima hawakuuelewa mchezo wetu. Siku hizi naona waliuelewa kuliko mimi. Walikuwa wakiucheza kabla Elia hajauleta: macho mekundu, mbili, hana mtoto, mbili, mgeni asiye na ndugu, sijui walimpa ngapi. Hesabu yao ilikuwa imeshakamilika vichwani, ilikosa tu mtu wa kuiandika. Niliiandika mimi, kwa mwandiko mzuri, na lile goti alinitajia mwenyewe, akicheka.