Vitambaa nilivyozika kwa mizizi ya aloe, Mama akadhani ni uchawi

Salaam aleikum wakuu. Mimi huwa nasoma tu humu. Leo naandika, na sitaongeza chumvi.

Niko Form Three hapa Isiolo. Mwalimu wa Bio akiniuliza kitu, jibu ninalo lakini sauti inakataa kutoka.

Siku moja alisema mizizi ya mimea ya dawa inatoa kemikali kwa udongo. Vijidudu vingine vinalishwa, vingine vinafukuzwa.

Nikaanza kuota mchana. Nyuma ya nyumba tuna aloe, sisi Waborana tunaita hargessa. Nikiiangalia naona chini yake mji mzima, watu wadogo wanapika na kugombana gizani.

Vijidudu hula pamba. Basi nikakata shati langu la zamani la pamba, nikazika vipande kwa mizizi ya aloe, vingine mbali kando ya ukuta, nione wapi vitaliwa zaidi. Kila kimoja nilikifunga kamba nyekundu nisikipoteze. Sikuambia mtu.

Mvua ikaja, ikaenda.

Jumamosi moja Mama alikuwa anachimba mfereji hapo. Jembe likatoa kitambaa. Halafu kingine.

Kitambaa, kamba nyekundu, chini ya mmea wa dawa. Wakuu, mnajua mtu anafikiria nini.

Mtu wa nje anayeingia hapo ni mmoja tu, jirani yetu Mmeru, Mama Kendi, huja kukata aloe ya ngozi ya mtoto wake. Mama akajifunga leso kiunoni. Akasema anaenda kwake, na plot nzima itasikia.

Nikasimama kwa mlango.

"Mama, hiyo ni yangu."

"Yako? Na unaroga nani?"

"Hakuna. Naangalia vile mizizi inafanyia udongo."

Nikaongea kuliko mwaka mzima. Tukafukua vya ukutani: vimetoboka kama chujio. Vya aloe, karibu vizima. Labda ni kemikali, labda udongo wa pale ni mkavu tu. Lazima nirudie.

Mama alivishika juani.

"Kwa hivyo hargessa inachagua wageni wake."

Mama Kendi akatokea na kisu na bakuli, akauliza leso ya vita ni ya nani.

"Ingia," Mama akasema. "Huyu msichana akueleze."

Nikaeleza tena. Sauti ilitetemeka lakini ilitoka.

Nilichojifunza: kimya changu kingemwaibisha mama wa watu bure.

Kuna mwenye amezika pamba chini ya mwarobaini? Ilitoka aje? Niambieni, na msinicheke sana.